Faibaglasi ya kupuliza darini: inafaa kwa nyumba za Mbeya, Iringa na Njombe?

Mfuko mmoja wa faibaglasi ya kupuliza una kilo 13 hadi 16 na mtu mmoja anaubeba begani bila taabu. Ukiuchana, ile pamba nyeupe iliyobanwa kiwandani inaanza kufura palepale. Vaa glavu, kata kipande cha ukubwa wa tofali, kisugue taratibu kati ya viganja: kitafumuka hadi kijaze ndoo. Uzuri wa bidhaa hii uko hapo, na mnunuzi hupunjwa hapohapo. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi za kioo. Nyuzi zikiwa chache, hewa inazunguka itakavyo na joto linapita nayo, hata kama rundo linaonekana limejaa. Kwa hiyo anayeingia darini na rula peke yake, akapima sentimita na kuridhika, anaweza kuwa amelipia upepo.

Tunachotathmini hapa ni ile aina isiyo na shuka, karatasi wala gundi ya kuishikanisha: nyuzi huru zinazopulizwa kwa mashine na bomba mpaka zifunike dari lote kama blanketi moja lisilo na maungio. Majina yanayojulikana kwenye mifuko hiyo ni Owens Corning, CertainTeed, Johns Manville na Knauf. Kwetu ni bidhaa ya kuagiza, na lebo zake zimeandikwa kwa vipimo vya Marekani. Ukishajua kuzisoma, tofauti kati ya jina moja na jingine ni ndogo kuliko tofauti kati ya fundi makini na fundi mwenye haraka.

Maoni yetu tuyatoe mapema. Kwa nyumba yenye dari la jipsamu lililofungwa vizuri, paa la mgongo ambalo mtu anaweza kutambaa ndani yake, na bati lisilovuja, hii ni insulesheni (kizuizi cha joto) nzuri kuliko zote tunazoweza kuipendekezea nyanda za juu kusini. Kwa paa la kuficha, dari la turubai au viroba, au bati lenye misumari iliyolegea, usiinunue. Kwa nyumba ambayo watu wake wanaingiza jiko la mkaa chumbani usiku, usiinunue kabisa mpaka jambo hilo limalizwe kwanza, na sababu tutaieleza.

Unahitaji kiasi gani?

Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Kipupwe cha Juni na Julai kinaleta asubuhi za nyuzijoto chache tu, na Makete majani hulala yamegandwa na sakitu. Nyumba ya bati na bodi ya jipsamu ya milimita 9 haina cha kuzuia joto lisipande na kutoka.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu yenye dari la mita 10 kwa 9, yaani mita za mraba 90. Ndani kuna nyuzi 16, darini kuna 8. Dari tupu linapoteza takriban wati 2,000, sawa na pasi mbili za umeme zinazowaka usiku kucha bila kupiga nguo yoyote. Weka insulesheni ya R-19 (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto: namba ikiwa kubwa, joto linapita kidogo), upotevu unashuka hadi karibu wati 200. Ongeza ifike R-30, unashuka hadi 130 hivi. Ongeza tena ifike R-49, unabaki na 80.

Tazama hesabu hiyo kwa makini. Hatua ya kwanza imeokoa wati 1,800, ya pili 70, ya tatu 50. Marekani wanashauriwa R-49 hadi R-60 katika majimbo ya baridi kwa sababu kule kipimo kinakaa chini ya sifuri kwa miezi na nyumba inapashwa moto saa zote. Muuzaji anayemwambia mtu wa Uyole anunue R-49 anamwongezea mifuko tu. Kwa Mbeya mjini, Iringa, Mafinga na Makambako, R-19 inatosha. Kwa Njombe, Makete na vijiji vya kuelekea Kitulo, R-30 ina sababu.

Jambo moja lisisahaulike: insulesheni haitengenezi joto. Inatunza lile lililopo: jua lililoingia madirishani mchana, moto wa jikoni, na miili ya watu, ambayo kila mmoja akiwa amelala hutoa karibu wati 70 hadi 80. Kama madirisha yana nafasi za kupitisha kidole na mlango wa nyuma haufungi vizuri, anza na hivyo, kwa sababu ni kazi ya bei ndogo.

Lebo ndiyo mkataba

Tangu mwaka 1979 Marekani ina kanuni inayomlazimu mtengenezaji kuandika kwenye mfuko namba zinazomlinda mnunuzi. Kila mstari wa jedwali unaanza na thamani ya R, kisha unafuata na idadi ya mifuko kwa futi za mraba 1,000, eneo linalofunikwa na mfuko mmoja, uzito wa chini kwa futi ya mraba, na kina cha chini. Wanunuzi wengi macho yao huenda kwenye kina. Wewe anza na uzito na idadi ya mifuko.

Futi za mraba 1,000 ni mita za mraba 93. Nyumba yetu ya mfano ina 90, kwa hiyo safu hiyo ya lebo unaweza kuisoma karibu kama ilivyo. Kwa dari la ukubwa mwingine, zidisha mita zako za mraba kwa idadi ya mifuko ya lebo, kisha gawanya kwa 93. Uzito ulioandikwa kwa ratili kwa futi ya mraba uzidishe kwa 4.88 upate kilo kwa mita ya mraba. Na ukikutana na karatasi ya Ulaya inayotaja R ya 3.3, usidhani ni dhaifu: R ya Kimarekani igawanye kwa 5.68, na R-19 ni hiyohiyo 3.3.

Kwa lebo nyingi, R-19 inaangukia karibu kilo 1.3 kwa mita ya mraba ikiwa na kina cha sentimita 18 hivi, na R-30 karibu kilo 2.1 ikiwa na sentimita 27 au 28. Lakini fuata lebo ya mfuko ulio mbele yako, si makadirio haya. Kwa mfuko wa kilo 14, dari la mita 90 linataka mifuko 9 kwa R-19 na mifuko 14 kwa R-30. Nunua mmoja zaidi.

Sasa udanganyifu unavyofanyika. Mashine ina mlango wa kupunguza pamba na kitasa cha kuongeza hewa. Fundi akibana pamba na kufungulia hewa, nyuzi zinatoka zimefumuka kupita kiasi na kina kinapanda haraka. Sentimita 28 zinafikiwa kwa mifuko 10 badala ya 14. Mwenye nyumba anapanda ngazi, anaona rula imefunikwa mpaka alama, analipa. Alichopata ni kilo 1.55 kwa mita badala ya 2.1, na miezi michache baadaye rundo linashuka. Faibaglasi iliyopulizwa kwa uzito wake halali hushuka kidogo sana, tofauti na ile ya karatasi zilizosagwa ambayo inaweza kupoteza hata sehemu moja ya tano ya kina chake. Ukiona faibaglasi imekaa vibaya mwaka wa kwanza na hakuna maji yaliyoingia, ilipulizwa nyepesi.

Kinga yake haina gharama. Hesabu mifuko kabla haijafunguliwa, na mifuko mitupu isiondoke uwanjani kabla hujaihesabu tena. Kisha pima. Tengeneza fremu ya bati au boksi gumu, sentimita 30 kwa 30, isiyo na kitako. Ishushe taratibu katikati ya rundo mpaka iguse bodi, chota kila unyuzi uliomo ndani yake utie kwenye ndoo, weka kwenye mzani wa jikoni. Ukitoa uzito wa ndoo, R-19 ikupe karibu gramu 117, na R-30 karibu gramu 189. Fanya hivyo sehemu tano: katikati, kwenye pembe mbili, karibu na mlango wa dari, na upande wa ukuta uliokuwa mgumu kufikika. Huko kwenye ugumu ndiko pamba inakopungua. Kisha rudisha ulichochota, ukifumue kwa mkono kiwe kama kilivyokuwa.

Rula nazo zina kazi yake, maana zinaonyesha kama rundo liko sawa kote. Desturi ni moja kwa kila mita za mraba 28. Kwa dari la mita 90 weka angalau nne, zipigiliwe kwenye mbao za kenchi, namba zikitazama mlango wa dari ili zisomeke kwa tochi bila kukanyaga pamba.

Dari liandaliwe kwanza, na hapa msifanye haraka

Pamba ikishapulizwa, huoni tena ufa, waya wala msumari. Kila tatizo la darini litatuliwe kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa.

Panda darini saa sita mchana jua likiwa kali, funga mlango wa dari na zima tochi. Kila nukta ya mwanga kwenye bati ni tone la maji wakati wa masika. Weka alama, shuka, maana mchana chini ya bati kunaweza kupita nyuzi 50 na si mahali pa kufanyia kazi. Kazi yenyewe ya kuziba na kupuliza ipangiwe saa 12 asubuhi hadi saa 4. Misumari iliyolegea ing'olewe na kuwekwa skrubu zenye mpira, na kofia ya paa iangaliwe mwisho hadi mwisho, hasa nyumba ya Tukuyu ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000.

Kisha ziba matundu ya dari, ukianzia pale bodi inapokutana na ukuta, penye konisi, zinapopita nyaya na mabomba, na kwenye ukingo wa mlango wa dari wenyewe. Tumia silikoni kwa nyufa nyembamba, povu ya kuziba kwa matundu makubwa, na unga wa jipsamu penye bodi iliyovunjika. Kazi hii inachosha na haionekani, na mafundi wengi huiruka. Tundu la upana wa ngumi lililoachwa wazi chini ya pamba linapitisha hewa yenye joto na mvuke moja kwa moja, kwa sababu faibaglasi hii inazuia joto lakini haizuii hewa inayosukumwa kutoka chini.

Mvuke huo ndio adui mkubwa wa nyumba za bati huku juu. Usiku usio na mawingu, bati linapoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Mvuke wa kupika, kuoga na kupumua ukilifikia unageuka maji, unatambaa kwa chini ya bati mpaka ukutane na papi (mbao zinazopigiliwa bati), kisha unadondoka. Ukishaweka insulesheni, dari linabaki na joto lake na nafasi ya juu inazidi kuwa baridi, kwa hiyo bati litatoa jasho zaidi kuliko zamani. Watu hushangaa: wameweka pamba, na sasa kuna matone ambayo hayakuwepo. Ukiona safu ya vishimo vidogo kwenye pamba, vimejipanga mstari mmoja chini ya papi, ni jasho la bati. Uvujaji wa kawaida hufanya shimo moja kubwa mahali pamoja.

Dawa yake ni kuziba chini na kupitisha hewa juu. Kanuni inayotumika Marekani ni uwazi wa sehemu moja ya 150 ya eneo la dari, nusu kwenye mapembizo na nusu karibu na kofia. Kwa mita 90 ni mita ya mraba 0.6 kwa jumla. Nusu yake, 0.3, unaipata kwa ufa wa milimita 15 kwenye pande mbili za mita 10. Kwa kuwa wavu unakula sehemu ya nafasi, kata ufa wa milimita 25. Tumia wavu wa chuma wenye tundu za milimita 6 hivi: unazuia panya na popo, na hauzibwi haraka na vumbi kama ule wa mbu. Wanaojaza saruji au povu chini ya migongo ya bati ili kuzuia popo wanafunga pumzi ya paa. Wavu ungefanya kazi hiyohiyo.

Pamba isije ikaziba ufa huo. Pigilia vipande vya bodi au plaiwudi juu ya ukuta, kati ya kenchi na kenchi, virefu kuliko kina cha pamba kwa sentimita 5, ukiacha nafasi ya sentimita 5 kati ya kipande na bati. Fanya hivyohivyo kuzunguka mlango wa dari, la sivyo kila utakapoufungua utamwagiwa nyuzi usoni. Mfuniko wa mlango wenyewe uubandikie kipande cha insulesheni ya shuka kwa upande wa juu.

Je, uzito utaangusha dari? Bodi ya milimita 9 yenyewe ina kilo 6 hadi 7 kwa mita ya mraba, na R-30 inaongeza kilo 2 tu. Blandaringi (mbao zinazoshikilia bodi za dari) iliyopigwa kwa nafasi ya sentimita 60 inabeba bila shida. Pale ambapo bodi imeshaanza kulegea au ina alama za kulowa, badilisha kwanza. Dari la mbao za kuchomekana lina nyufa zitakazodondosha nyuzi kitandani: tandaza karatasi ya ujenzi inayopitisha mvuke juu yake kabla ya kupuliza. Usitandaze nailoni juu ya pamba kwa kudhani unaikinga na matone, kwa sababu utanasa mvuke chini yake na kulowesha kila kitu.

Umeme

Waya unaopita hewani unapoa. Waya uliozikwa kwenye pamba haupoi. Taratibu za mafundi umeme wa Uingereza zinasema waya ukizungukwa na insulesheni pande zote kwa nusu mita au zaidi, uwezo wake uhesabiwe nusu. Kwa taa za LED hilo halisumbui. Linaposumbua ni hita ya kuogea, kifaa ambacho nyumba nyingi za huku haziachani nacho. Hita ya wati 5,500 kwa volti 230 inavuta amperi 24. Waya wa milimita 4 ulioshikizwa kwenye mbao ukiwa wazi unabeba takriban amperi 36, lakini ukizikwa unahesabiwa 18. Plastiki yake itakuwa inapikika kila asubuhi watu wakioga, na hakuna atakayeiona. Waya wa hita na wa jiko la umeme upandishwe juu, ufungwe kwenye mbao za kenchi juu ya kina cha pamba. Fyuzi zisizolingana na waya na maungio ya kuzungushia utepe yarekebishwe na fundi mwenye leseni, kila ungio ndani ya boksi lake.

Taa zilizozama ndani ya dari nazo zinahitaji nafasi. Isipokuwa taa imeandikwa wazi kwamba inaruhusu kufunikwa, acha milimita 75 kila upande: tengeneza boksi la bati au bodi ya saruji kuizunguka. Kile kidude cha kubadilisha umeme kinachoning'inia kwenye waya wa taa ya LED kikae juu ya pamba. Kikifunikwa, taa itaanza kupepesa na kufa mapema, na mwenye nyumba atalaumu taa. Faibaglasi yenyewe haishiki moto, ila haifanyi waya uliochakaa kuwa salama. Bomba la moshi wa jiko la kuni lizungushiwe kizuizi cha bati, pamba isilikaribie.

Mkaa

Nyumba inayopitisha upepo darini humponya mtu bila yeye kujua. Ukiziba matundu ya dari, ukaweka pamba, ukabana milango, kisha ukaingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa Julai, kaboni monoksaidi inajikusanya. Haina rangi, haina harufu, na aliyelala haamki kukohoa. Mkaa uliofunikwa na majivu unaoonekana umekwisha bado unaitoa. Insulesheni na jiko la mkaa chumbani haviwezi kukaa nyumba moja. Anayeuza au kupuliza pamba hii Makete au Njombe bila kumwambia mwenye nyumba maneno haya ameacha sehemu muhimu ya kazi yake, hata kama pamba imekaa sawasawa. Jikoni kubaki na dirisha linalofunguka na tundu la hewa la kudumu ukutani.

Mashine na upulizaji

Mashine nyingi za kupuliza zimetengenezwa kwa volti 115 na mizunguko 60. Umeme wa TANESCO ni volti 230 na mizunguko 50. Kuichomeka moja kwa moja ni kuiunguza. Inahitaji transfoma inayolingana na wati zake, na hata hapo baadhi ya mota zitazunguka pole pole zaidi, jambo linalobadilisha uwiano wa hewa na pamba. Kwa hiyo kabla ya kuanza dari, puliza mfuko mmoja kwenye eneo ulilolipima, linganisha na lebo, rekebisha mlango wa pamba, ndipo uendelee. Muulize fundi kama anafanya jaribio hilo. Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi.

Wanahitajika watu wawili. Mmoja chini anavunja mabonge kwa mkono na kulisha mashine bila kuijaza hadi juu, mwingine darini ameshika bomba la milimita 75 au 100. Bomba lilazwe sambamba na dari, pamba iruke na kutua yenyewe mbali kidogo. Ukilielekeza chini unaikandamiza pamba. Anza pembe ya mbali, rudi nyuma kuelekea mlango wa dari, ukikanyaga mbao za kenchi tu na ubao uliolazwa juu yake. Bodi ya jipsamu haibebi goti la mtu. Asubuhi moja inatosha kumaliza mita 90 ikiwa maandalizi yalifanywa.

Kuimwaga kwa mkono bila mashine hatuipendekezi hata kidogo. Inatua mabonge mabonge, kati ya bonge na bonge kuna mashimo, na lebo haikuhusu tena.

Nyuzi zinawasha. Mikono mirefu, glavu, miwani ya kufunga na barakoa ya N95 au FFP2 kwa wote wawili, na baada ya kazi oga kwa maji baridi kwanza ili nyuzi ziteleze. Kuhusu saratani, hofu ni ya asbesto, na faibaglasi si asbesto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliipitia upya sufu ya kioo ya insulesheni mwaka 2001 na kuiweka kwenye kundi la vitu visivyoweza kuainishwa kuwa vinaleta saratani kwa binadamu.

Mbadala

Kwa paa la kuficha, ambako nafasi ni sentimita 40 au 50 na hakuna anayeweza kutambaa, tumia faibaglasi ya mashuka, itandazwe kabla bodi za dari hazijapigwa. Ile foili yenye mapovu ina faida dhidi ya jua kali la mchana, lakini usiku wa baridi inafanya kazi ndogo kuliko wauzaji wanavyodai, tena ikilaliwa na vumbi inapungua zaidi. Maranda ya viwanda vya mbao vya Mafinga ni rahisi kupatikana na yanazuia joto kweli, ila yanashika moto, yanavuta unyevu na yanakaribisha wadudu. Pumba za mpunga kutoka Mbarali zinakuja na punje, na punje zinaleta panya.

Katika kulinganisha bei, usilinganishe mfuko na mfuko. Gawanya bei ya mfuko kwa mita za mraba unazofunika katika R unayoitaka, ujumlishe usafiri na siku ya mashine. Mfuko wa bei ya chini wenye kilo 13 unaweza kukugharimu zaidi ya ule wa kilo 16.

Kazi ifanyike kati ya Juni na Oktoba, dari likiwa kavu. Mvua za kwanza za Novemba zikishapiga, panda na tochi. Nyuzi za kioo zenyewe hazinywi maji, lakini maji yanakaa katikati yake na kuzilaza, na zikishalala haziinuki tena zikawa kama mwanzo. Ukikuta shimo, rekebisha bati, toa pamba yote iliyolowa na nusu mita zaidi kuizunguka, acha bodi ikauke kabisa, kisha jaza upya kutoka kwenye ule mfuko wa ziada, ukifumua vizuri na kupima kwa fremu ileile ya sentimita 30. Mfuko huo utunze ukiwa umefungwa, juu ya rafu, mbali na panya.